Kamera ya Filamu Darasani: Somo la Mwanga katika Pwani ya Kilwa

Mwalimu anayefundisha mada ya mwanga katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa kawaida huchora ubaoni mshumaa, tundu, na sura ya mshumaa iliyopinduka. Wanafunzi hunakili mchoro, hujibu swali la mtihani, na wengi wao hubaki hawasadiki kwamba sura hupinduka kweli. Katika makala haya twapendekeza zana ambayo huonyesha jambo hilo mbele ya macho yao, nayo ni kamera kuukuu ya filamu ya aina ya rifleksi, inayofahamika kwa herufi SLR.

Kamera hizi bado hupatikana kwa wapiga picha wastaafu, katika studio zilizofungwa, na katika makabati ya familia zilizohamia kwenye picha za simu. Miongoni mwazo ni Zenit-E ya Umoja wa Kisovieti, Praktica ya Ujerumani Mashariki, na Pentax K1000 ya Kijapani, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Kwa shule twaipendelea kamera ambayo shata yake, yaani lile pazia la ndani, hufanya kazi bila betri. Kipima mwanga kikiwa kimekufa, si hasara kubwa, kwani tutaona baadaye kwamba jua lenyewe laweza kupimwa kwa hesabu. Kabla ya kuinunua, fungua mgongo wake, uelekeze lenzi kwenye anga nyeupe, kisha upige shata kwa kila kasi ukisikiliza. Kasi ya 1/30 na ile ya 1/500 zikisikika sawasawa, shata imechoka. Chungulia pia ndani ya lenzi: nyuzinyuzi mfano wa utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa mkubwa wa kamera za pwani.

Vipindi viwili vya kwanza havihitaji filamu hata kidogo. Fungua mgongo wa kamera, tandaza karatasi kavu ya kunakilia ramani mahali filamu inapokaa, weka kasi kwenye herufi B, fungua tundu la lenzi lote, kisha ubonyeze kitufe bila kukiachia. (Karatasi iliyopakwa mafuta ya nazi yafaa kwa mkebe wa maziwa uliotobolewa, lakini isiingizwe ndani ya kamera.) Mwanafunzi ajifunike kaniki kichwani, aelekeze lenzi kwenye mnazi ulio juani. Ataona mnazi umesimama kichwa chini, miguu juu, na makuti yakicheza. Kisha achungulie kwenye dirisha la kamera: mnazi umesimama wima. Hapo mwalimu aulize swali moja tu, na asiharakishe jibu: kwa nini huku umepinduka na kule umesimama? Jibu limo katika kioo kilicholala nyuzi 45 nyuma ya lenzi na prizimu iliyo juu yake, ambavyo huigeuza sura kabla haijalifikia jicho. Kitufe kikibonyezwa, kioo huinuka, shata hufunguka, na mwanga huifikia filamu moja kwa moja. Onyo moja lazima litangulie: hakuna anayeruhusiwa kulielekea jua huku akichungulia, kwa maana lenzi hukusanya miale na yaweza kuunguza jicho.

Hesabu ya sehemu nayo imo humo humo. Namba za kasi, 1/60, 1/125, 1/250, kila moja huingiza karibu nusu ya mwanga wa ile iliyotangulia. Namba za tundu, 5.6, 8, 11, 16, hufanya vivyo hivyo. Basi tundu 16 kwa 1/125 ni sawa na 11 kwa 1/250, na ni sawa na 8 kwa 1/500. Wanafunzi wakishaelewa mlingano huo, wapewe kanuni ya wapiga picha wa zamani: jua likiwa kali na anga safi, weka tundu 16, na kasi iliyo karibu na namba ya filamu. Filamu ya 100 hutumia 1/125. Kivulini fungua hatua tatu hivi.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo twaomba wanachuo walitilie maanani kuliko yote. Kipima mwanga hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu ya wastani. Mwelekeze mtoto asimame juu ya mchanga mweupe wa Kilwa Masoko, au mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, nacho kitasema mwanga umezidi. Mpiga picha akikitii, mchanga utatoka kijivu na uso wa mtoto utakuwa kivuli kisicho na macho wala tabasamu. Picha za darasa za namna hiyo twazifahamu sote: sare zaonekana safi, nyuso hazionekani. Tena kwa miaka mingi viwanda vya filamu vilisawazisha rangi zao kwa kutumia picha za wanawake wa Kizungu, na ngozi nyeusi haikufikiriwa. Dawa yake ni rahisi. Sogea mpaka uso wa mtoto ujaze dirisha, soma kipimo hapo, rudi nyuma bila kukibadilisha, ndipo upige. Kama kipima mwanga hakifanyi kazi, fungua hatua moja zaidi ya kanuni. Filamu ya negatifu huvumilia mwanga uliozidi kidogo kuliko uliopungua. Jaribio hili lifanywe kwa mtoto yule yule mara mbili, na picha zote mbili zibandikwe darasani.

Filamu ni ghali na haina kufuta. Kwa mkoba wa mtu hilo ni tatizo. Kwa mwalimu twaona ni neema. Chukua darasa la wanafunzi 48 na filamu moja ya picha 36. Vikundi sita vikipata picha tano kila kimoja, zimebaki sita za akiba. Kila kikundi kiandike kwanza kitapiga nini, kikiwa kimesimama wapi, saa ngapi, na kwa sababu gani. Mabishano yatakayozuka hapo ndiyo somo.

Kwa shule za Kilwa, safari ya kuvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, baada ya kupata kibali katika ofisi husika Kilwa Masoko, huleta kazi yenye manufaa ya kweli. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi humega ufuko ulio chini ya Gereza, na mvua na mizizi hulegeza kuta za matumbawe. Neville Chittick, aliyechimba huko katika miaka ya 1960, alitoa mwaka 1974 kitabu cha juzuu mbili kuhusu Kilwa chenye picha za kuta hizo. Kikundi kikisimama pale pale aliposimama mpiga picha wa wakati ule, kikapiga kwa upande ule ule, kitaweza kuhesabu jiwe lililoanguka. Shule ikirudia kila mwaka, itakuwa na kumbukumbu yake yenyewe.

Lakini picha bila maandishi hupoteza nusu ya thamani yake. Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, walipiga picha nyingi. Jina la msimamizi Boheti bin Amrani twalijua. Mamia ya wachimbaji, na wapagazi waliobeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, wengi wao wamebaki migongo na mizigo tu. Kwa hiyo kila picha iingizwe katika daftari siku ile ile: namba yake, tarehe, mahali, tundu na kasi, na majina ya wote waliomo, baada ya kuwaomba ruhusa. Mtoto amwamkie mzee kwanza, aeleze shabaha yake, na mzee akikataa, kamera ifungwe.

Filamu nyeusi na nyeupe yaweza kusafishwa chuoni. Dawa nyingi hupimiwa nyuzi 20, ilhali maji yetu ya pwani mara nyingi huzidi hapo. Mtungi huyapoza kidogo, na muda hupunguzwa kwa kufuata jedwali la dawa. Dawa ya kukazia iliyotumika ina fedha ndani yake, hivyo isimwagwe kisimani wala baharini. Kamera nayo isifungiwe ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu na kuvu huota. Ikae ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na itolewe kupigwa hewa kila juma. Negatifu zikatwe sita sita, zitiwe katika bahasha za karatasi zenye namba za daftari, na nakala moja ya kila picha ipelekwe kwa shule iliyo kisiwani.