Kulinganisha Puli na Kukaza Mkanda wa Altaneta

Gari liondokalo Laare na miraa iliyofungwa katika majani ya migomba lina safari ya zaidi ya kilomita 250 mpaka Nairobi, na mzigo wake huanza kupoteza thamani baada ya siku mbili hivi. Mkanda wa altaneta ukilegea njiani, betri haitiwi umeme wa kutosha, na taa hufifia gizani. Tena katika magari mengi mkanda huo huo ndio uzungushao pampu ya maji. Ukikatika, injini itachemka, na miraa itanyauka kando ya barabara.

Mkanda uliolegea hulia kwa sauti kali injini iwashwapo. Usiokaa sawa na puli huchakaa upande mmoja na kuacha vumbi jeusi la mpira. Wako madereva waupakao sabuni au mafuta ili unyamaze. Hunyamaza kwa muda, lakini ubaya haujaondoka, na mafuta huharibu mpira.

Basi zima injini, iache ipoe, kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Anza na puli. Weka rula ndefu ya chuma, au ubao ulionyooka barabara, kutoka uso wa puli ya injini mpaka uso wa puli ya altaneta. Rula yapasa kugusa nyuso zote mbili bila kuacha mwanya. Ukiona mwanya, chunguza boliti ishikayo altaneta, pamoja na bushi na washa zake. Puli ambazo kingo zake hazina unene sawa hupimwa kwa mifereji yake.

Sasa legeza boliti ya kiungio na ile ya mkono wenye upenyo mrefu. Sukuma altaneta kwa kipande cha mti, ukiegemeza upande wa mbele wenye chuma kinene, kwa maana upande wa nyuma huvunjika upesi. Kaza boliti, kisha bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya nafasi iliyo ndefu baina ya puli mbili. Mkanda wa umbo la V washuka milimita 10 hadi 13. Lakini kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Usizidishe: mkanda uliokazwa mno huua beringi za altaneta na za pampu, nazo ni ghali kuliko mkanda.

Magari yenye mkanda mpana na springi ijikazayo yenyewe hayapimwi kwa kidole.

Mkanda mpya hurefuka kidogo. Upime tena baada ya injini kuzunguka dakika chache na kupoa, na mara nyingine gari lirudipo Laare.