Shahidi Asiyeona Picha: Somo Kuhusu Macho ya Moyo na Ushahidi

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa mashariki mwa Uganda, pikipiki ya kijana wa bodaboda iliibwa jioni kwenye kona ya soko. Walioshuhudia walikuwa wawili. Mama muuza matoke alieleza bila kusita kwamba mwizi alivaa koti jekundu na alikuwa na kovu shavuni. Mwalimu mstaafu aliyesimama hatua chache kutoka hapo alisema machache: mtu huyo alimzidi yeye kimo, alichechemea mguu wa kushoto, na alielekea upande wa reli. Tulipomwomba aeleze sura, alijibu, "Afande, sura siioni." Tukamwambia afumbe macho amwone tena. Akafumba, akanyamaza, kisha akasema, "Naona giza tu."

Tuliandika daftarini kwamba shahidi wa pili hataki kushirikiana. Kwa maelezo ya shahidi wa kwanza, alikamatwa mpagazi mmoja mwenye koti jekundu na kovu, akalala mahabusu siku mbili. Pikipiki ilipopatikana, aliyekuwa nayo alikuwa mtu mrefu, asiye na kovu, mwenye kuchechemea mguu wa kushoto. Mpagazi yule alikuwa amepita sokoni jioni ile ile kununua muhogo. Mama alimwona, na watu wawili wakaungana akilini mwake wakawa mmoja. Mama hakusema uongo. Mwalimu naye hakuficha neno. Sisi ndio tulioshindwa kuwasikiliza wote wawili kama ilivyopasa.

Kila mtu na macho yake ya moyo

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Msomaji na ajaribu zoezi dogo: akumbuke meza au mkeka alipopata chai ya asubuhi. Je, anakiona kikombe, rangi yake, na mvuke ukipaa? Wengine watasema wanaona kama wanatazama picha. Wengine wataona kivuli hafifu. Wachache watasema hawaoni kitu. Wanajua tu kwamba kikombe kilikuwapo na chai ilikuwa na tangawizi.

Zoezi hili si letu. Mwaka 1880 mtaalamu Mwingereza Francis Galton alichapisha matokeo ya maswali aliyowapelekea watu kuhusu meza yao ya kifungua kinywa. Alistaajabu kukuta kwamba baadhi ya wanasayansi aliowauliza hawakuona picha yoyote, nao walidhani wanaosema wanaona kwa macho ya moyo wanatumia mafumbo tu. Mwaka 2015 daktari wa mishipa ya fahamu Adam Zeman, wa Chuo Kikuu cha Exeter, pamoja na wenzake, waliipa hali hiyo jina la afantasia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuwaza kwa picha. Watafiti hukadiria kwamba watu wa namna hii ni wachache, pengine kati ya 1 na 4 katika kila watu 100. Wengi wao huishi miaka mingi bila kutambua kwamba wenzao huona tofauti.

Hali hii si upofu, wala si upungufu wa akili. Mtu wa namna hii huweza kuwa mwalimu, fundi au hata mchoraji. Anapokutana na mkewe sokoni humtambua. Anachokosa ni kuiona sura yake akilini wakati mkewe hayupo.

Maelezo machache si maelezo ya uongo

Mwaka 2021 mtafiti Wilma Bainbridge wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walionyeshwa picha za vyumba, kisha wakachora walichokumbuka. Wenye afantasia walichora vitu vichache zaidi na rangi chache zaidi. Hata hivyo walivipanga vitu hivyo mahali pake kwa usahihi, na mara chache zaidi kuliko wengine walichora kitu ambacho hakikuwapo. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza, akiwamo Coral Dando, walichapisha uchunguzi kuhusu mashahidi wa uhalifu wa kuigiza. Wenye afantasia walitoa maelezo pungufu, lakini yale waliyoyatoa hayakuzidiwa usahihi na ya wengine.

Ndivyo alivyokuwa mwalimu wetu. Alihifadhi kimo, mwendo na upande wa kukimbilia. Sisi tulidai sura, na alipokosa sura tukayadharau matatu aliyokuwa nayo.

Picha iliyo wazi nayo hukosea

Kwa upande mwingine, shahidi anayeona picha kamili asidhaniwe kuwa ameona kweli kamili. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa magari yalikwenda kwa kasi gani "yalipogongana", na wengine "yalipopondana". Baada ya wiki moja waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, ambavyo havikuwapo katika filamu. Walioulizwa kwa neno zito, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Walioulizwa kwa neno jepesi walikuwa 7 kati ya 50. Neno moja la muulizaji lilitosha kuongeza kitu katika kumbukumbu ya mtu mwaminifu.

Mahakama zetu zimelionya jambo hili zamani. Katika shauri la Abdala Nabulere na mwenzake dhidi ya Uganda, lililoripotiwa mwaka 1979, Mahakama ya Rufani ilisisitiza tahadhari pale kesi inapotegemea utambuzi wa macho, kwa kuwa shahidi anayeaminika anaweza kukosea. Ilielekeza yachunguzwe mambo kama muda wa kumtazama mtuhumiwa, umbali, mwanga, na kama shahidi alimfahamu kabla. Hakuna linalouliza shahidi alizungumza kwa ufasaha kiasi gani.

Yatupasayo sisi na yakupasayo wewe

Sisi askari yatupasa kumwachia shahidi aeleze kwa njia yake kabla ya kumuuliza. Asiyeona picha tusimlazimishe kufumba macho. Tumpe karatasi achore ramani ya mahali, au twende naye pale pale. Tusiulize, "Koti lilikuwa jekundu?" Tuulize, "Alivaa nini?" Tusiandike kwamba mtu hashirikiani kwa sababu tu maelezo yake ni mafupi.

Nawe msomaji, ukishuhudia uhalifu, andika au chora unayoyakumbuka kabla ya kuzungumza na majirani, maana maneno ya mwenzako huweza kugeuka kumbukumbu yako. Sema unayoyajua: sauti, harufu, kimo, mwendo, njia. Usiyoyajua, sema "sijui". Neno hilo si kosa mbele ya polisi wala mbele ya hakimu. Kama huwezi kuiona sura akilini, tueleze mapema. Huenda ukamtambua mhusika katika gwaride la utambuzi ingawa umeshindwa kumweleza kwa maneno.

Baada ya kosa letu, tulikwenda nyumbani kwa mpagazi pamoja na mwenyekiti wa LC I kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti. Lakini siku mbili zile hatuna namna ya kumrudishia, wala majirani waliomwona akichukuliwa hatuwezi kuwaondolea walichokiona. Kisha tulipita kwa mwalimu. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilidhani ninyi nyote mnaona kama mimi, ila mnasema kwa mafumbo."

Maswali ya kujadili katika baraza

1. Katika familia yako, nani huona picha akilini na nani haoni? Waulizeni wazee na watoto.
2. Je, umewahi kumwita mtu mwongo kwa sababu alisita kueleza?
3. Ukiitwa leo kuwa shahidi, ungeanza na sura, mahali, sauti au mfuatano wa mambo?