Ulize wadudu: namna ya kupima afya ya mto mjini Thika na Ruiru

Ukiyatazama maji ya Mto Chania kutoka darajani mjini Thika, hutajua kama mto ni mzima. Mvua za Aprili huupa mto safi rangi ya udongo, na maji yenye sumu huweza kupita yakimetameta.

Maabara hupima sampuli ya chupa: uchachu, vijidudu, na kiasi cha oksijeni ambacho uchafu utakila. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilitaka maji taka yanayomwagwa mtoni yasile zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika siku 5. Ukitaka kumshtaki mtu, utahitaji vipimo vya namna hiyo. Lakini chupa hueleza habari za saa ile tu. Uchafu ukimwagwa usiku wa manane, anayechota asubuhi hukuta umeshapita.

Ndiyo sababu watafiti wamegeukia wadudu wanaokaa chini ya mawe kwa miezi. Afrika Kusini iliwapa alama, kubwa kwa wasiovumilia uchafu na ndogo kwa wanaouvumilia, na Tanzania ikatengeneza mfumo wake, TARISS. Wengine sasa husaka mabaki ya DNA majini, kazi inayohitaji maabara. Kwa raia na wanafunzi upo mfumo mwepesi wa Afrika Kusini, miniSASS, wenye makundi 13 tu.

Tafuta mahali penye mawe na maji yanayokwenda kasi. Shika wavu wa matundu madogo, koroga mawe kwa mguu mbele yake, upande maji yanakotoka, kwa dakika 5 hivi, kisha mwaga ulichopata kwenye beseni jeupe. Tuseme kabla mto haujafika mjini umepata kaa (6), mtoto wa kerengende (6) na konokono (4): jumla 16, gawanya kwa makundi 3, wastani 5.3. Mto ukishapita mji ukapata ruba (2), minyoo (2) na mabuu mekundu ya inzi (2), wastani ni 2. Hesabu kundi, si idadi ya wadudu. Ruba mia bado ni 2.

Linganisha mto na wenyewe. Ruiru na Thika ni majirani, lakini Mto Ruiru huishia Athi na Chania huishia Tana, kwa hiyo kushindanisha miji hii miwili hakukupi lolote. Rudia pia msimu wa kuvuna kahawa, kwa kuwa maji ya kuoshea kahawa hula oksijeni nyingi.

Vaa buti na glavu, maana kichocho kipo, na usiingie mto ukiwa umejaa. Wastani ukishuka ghafla, andika tarehe, mahali na wadudu uliowaona, piga picha, kisha upeleke taarifa kwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, au Mamlaka ya Rasilimali za Maji, nao waje na chupa zao.