Dondoo muhimu: Dhoruba za Aprili hadi Juni katikati ya Marekani

Kwa wasomaji wetu wa Texas, Oklahoma, Kansas na Nebraska: huu ndio msimu ambapo hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hukutana na hewa kavu ya magharibi, na mchana wa jua kali hugeuka jioni ya radi, mvua ya mawe, pengine hata tornado.

• Kila asubuhi tazama ramani ya Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilichopo Norman, Oklahoma. Hatari hupangwa kwa ngazi 1 hadi 5. Usidharau ngazi ya 2. Nayo huweza kuleta tornado.

• Ikitolewa tahadhari, hali inaruhusu dhoruba kutokea: chaji simu, waite watoto. Likitolewa onyo, dhoruba imeshaonekana kwa macho au kwa rada, na hapo hakuna kutoka kupiga video! Shuka chumba cha chini ya ardhi. Kama hakuna, ingia bafuni au stoo isiyo na dirisha, ghorofa ya chini kabisa. Viatu miguuni, helmeti ya baiskeli kichwani.

• Anayeishi kwenye nyumba ya kuhamishika aondoke mapema, akajihifadhi kwenye jengo imara.

• Uko barabarani? Usijifiche chini ya daraja. Vifusi vinavyorushwa na upepo vitakufikia palepale.

• Ving'ora viliwekwa kwa ajili ya walio nje. Ukilala, usizime arifa za dharura za simu.

• Baada ya ngurumo ya mwisho, ngoja ndani dakika 30.