KUYATAMBUA MARADHI YA KUKAUKA MATAWI KATIKA MITI YA MAUA

Miti ya maua iliyopandwa mbele ya afisi, skuli na nyumba za wakaazi, hasa miwaridi, hushambuliwa mara kwa mara na maradhi ya kukauka matawi. Aghalabu mti hupotea si kwa ukali wa maradhi, bali kwa sababu hayakutambuliwa mapema. Tawi likinyauka, wapo wanaoongeza maji, wapo wanaomwaga mbolea, na wapo wanaong'oa mti mzima ambao ungeliweza kupona kwa kukatwa tawi moja tu.

Chanzo cha maradhi

Maradhi haya huletwa na kuvu, ambayo huingia mtini kupitia jeraha: mkato wa panga, waya uliokaza shina, au kisiki kilichoachwa baada ya kupogoa. Mahali ilipoingia, gome hufa, hubadilika rangi na kudidimia, pakawa na kidonda. Kidonda kikilizunguka tawi lote, njia ya maji na chakula hukatika, na sehemu yote iliyo juu yake hukauka. Kwa hivyo majani makavu ni dalili tu; maradhi yenyewe yapo chini zaidi, na huko ndiko yanakopaswa kutafutwa.

Namna ya kuchunguza

Kwanza, utazamwe mti mzima. Ukinyauka wote kwa pamoja, sababu hutafutwa mizizini: ukame, maji yaliyotuama au mchwa. Majani yakiungua kingoni, upande unaoelekea upepo wa bahari, yashukiwe maji ya chumvi. Lakini tawi moja likikauka na mengine yakabaki mabichi, litafutwe kidonda.

Pili, likwaruzwe gome kwa ukucha au kisu, kuanzia nchani kushuka chini. Chini ya gome lililo hai huonekana rangi ya kijani na unyevu. Chini ya gome lililokufa huonekana rangi ya hudhurungi na ukavu. Mahali rangi hizo mbili zinapokutana ndipo maradhi yalipofika.

Tatu, likaguliwe gome la kidonda. Vidoa vidogo vyeusi, mfano wa pilipili manga iliyosagwa, ni vifuko vya mbegu za kuvu, ambazo husambazwa na matone ya mvua. Yakionekana matundu na unga wa mbao, basi aliyehusika ni mdudu bungua, wala si kuvu peke yake.

Funzo la mikarafuu

Wakulima wa Unguja na Pemba hawana ugeni na jambo hili. Katika miaka ya 1950 watafiti Nutman na Roberts walichapisha maelezo ya maradhi mawili ya mikarafuu ya Zanzibar. Moja huua mti mzima kwa ghafla; jengine hukausha matawi, na kuvu yake huingia penye majeraha, yakiwemo ya matawi yanayovunjika wakati wa kuchuma. Mkulima asiyeyatenganisha hayo mawili huenda akaukata mti wa kupona na kuuacha wa kufa. Hali ni hiyo hiyo katika bustani.

Matibabu

Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya tawi lililokwisha kufa. Dawa za shaba hukinga sehemu nzima tu. Tiba ni kukata, kwa utaratibu ufuatao:

1. Tawi likatwe siku kavu, kiasi cha sentimita 10 hadi 15 chini ya mpaka wa maradhi, juu kidogo ya jicho, na mkato uwe wa mshazari.

2. Uangaliwe moyo wa tawi lililokatwa. Ukiwa bado na doa la hudhurungi, likatwe tena chini zaidi.

3. Mkasi usafishwe kwa spiriti baada ya kila mkato. Mtunza bustani anayetoka mti hadi mti na mkasi mchafu huyapanda maradhi kwa mkono wake mwenyewe.

4. Matawi yaliyokatwa yaondoshwe na kuchomwa moto siku hiyo hiyo. Yasiachwe chini ya mti wala yasitumiwe kufunikia mashina.

5. Maji yamwagwe shinani, si juu ya majani, na pasiachwe visiki wakati wa kupogoa.

Kidonda kikiwa kimelizunguka shina kuu karibu na ardhi, mti huo hauna matumaini na ung'olewe. Pakiwa na shaka, kipande chenye sehemu hai na sehemu iliyokufa kipelekwe kwa bwana shamba au bibi shamba wa eneo. Kijiti kikavu kitupu hakimwezeshi kutoa uamuzi.

Wakuu wa afisi na wenye nyumba wanaombwa kuwafahamisha watunza bustani wao haya kabla ya mvua za masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na tawi lililopuuzwa leo huweza kuugharimu ua mzima.