Kufuata Njia ya Sinema kwa Ndege ya Kompyuta: Somo la Ramani kutoka Shinyanga hadi Serengeti

Ramani ni zana ngumu kwa mtoto wa shule ya msingi. Mtoto amezoea kuiona nchi akiwa amesimama juu yake. Ramani inamtaka aione kama aionavyo mwewe. Makala haya yanaeleza njia moja ya kumvusha kutoka huku hadi kule, nayo ni kutazama sehemu fupi za sinema mashuhuri iliyopigwa kutoka angani katika nchi yetu, kisha kupatafuta mahali pale pale kwa programu ya kompyuta inayoigiza urubani. Njia hii inapendwa na watoto, na kwa sababu hiyo hiyo ina hatari ambayo mwalimu-mwanafunzi hana budi kuijua kabla hajaingia darasani: picha, iwe ya sinema au ya kompyuta, humwonyesha mtazamaji kile tu ambacho mpigaji wake aliamua kionekane.

Wapenzi wa urubani wa kompyuta katika nchi nyingi wamezoea kuzifuata sinema kwa namna hii. Wapo waitafutao Kenya ya sinema ya "Out of Africa" ya mwaka 1985, na wapo waendao Momella, karibu na Arusha, ilikopigwa sehemu ya "Hatari!" iliyotoka mwaka 1962. Wao hufanya hivyo kwa burudani, nasi tutaiazima burudani hiyo kwa kazi yetu.

Sinema inayotufaa walimu wa Shinyanga na Geita ni ile ya Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, na mwanawe Michael. Ilitoka mwaka 1959 kwa jina la Kijerumani "Serengeti darf nicht sterben", yaani Serengeti isife, na mwaka 1960 ikapewa tuzo ya Oscar ya sinema za mambo ya kweli. Baba na mwana walikuwa marubani wote wawili. Waliruka kwa ndege ndogo aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa rangi ya milia kama punda milia, wakawahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Michael hakuiona sinema hiyo ikimalizika. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tumbusi ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa hapo pia.

Maandalio

Shabaha ya somo ni kwamba mwanafunzi wa madarasa ya juu aweze kueleza mwelekeo, umbali na muda wa safari kati ya mahali pawili, na aweze kutofautisha kimo cha ndege kutoka usawa wa bahari na kimo chake kutoka ardhini. Shabaha ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito, ni kwamba aweze kuuliza swali juu ya kitu asichoonyeshwa.

Mwalimu aifanye safari yote yeye mwenyewe kwanza. Programu ya Google Earth ya kompyuta ya mezani haina malipo na ndani yake mna sehemu ya kuigiza urubani. Hutumia picha halisi zilizopigwa na setilaiti, lakini huhitaji intaneti. FlightGear nayo haina malipo, na ukiisha kupakua ramani zake waweza kuruka bila intaneti. Ila nchi yake aghalabu huchorwa kwa rangi za jumla, hivyo usitegemee kuyaona mashamba wala mashimo ya migodi yalivyo. Kwa somo hili afadhali ile ya kwanza.

Vipimo vya safari mwalimu avipate kwa rula na ramani, si kwa kompyuta. Kutoka Shinyanga hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni kilometa 205 hivi kwa mstari ulionyooka, kuelekea kaskazini-mashariki. Ndege ndogo iendayo kilometa 200 kwa saa itatumia saa moja na dakika chache. Kipindi chetu ni dakika 40! Kwa hiyo safari igawanywe. Kutoka uwanja wa Ibadakuli hadi Mwadui ni safari ya dakika chache tu. Hiyo ndiyo iwe safari ya siku ya kwanza, na inatosha kabisa.

Siku ya kwanza: nchi wanayoijua

Mwalimu asikimbilie simba na nyumbu. Mtoto aliyepelekwa moja kwa moja Serengeti kwa kompyuta ataona jambo la ajabu, na ajabu peke yake haifundishi kitu. Aanzie kwao, mahali ambapo macho yake yanaweza kuisahihisha kompyuta.

Darasa lenye watoto sabini na kompyuta moja ligawanywe kwa kazi. Wawepo rubani, mwelekezaji mwenye ramani na dira, mtunza saa, na waandishi wa kila dawati wanaoandika kila dakika wanachokiona. Wasio na zamu kwenye kompyuta wafuate safari hiyo hiyo kwenye ramani kubwa iliyochorwa uwanjani kwa majivu, mmoja wao akitembea polepole kwa mwendo uliokubaliwa. Pasipo umeme ramani hiyo ya majivu yaweza kubeba somo zima. Mwalimu asiliahirishe kwa kukosa mashine.

Kutoka juu ya Shinyanga watoto wataona vipande vya mashamba, mbuga za udongo mweusi, na hapa na pale madoa ya kijani kilichoiva. Waulizwe madoa hayo ni nini. Atakuwapo atakayejibu kuwa ni ngitili, akiba ya malisho ya Wasukuma, ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulisaidia kuirudisha. Jibu hilo likitoka kwa mtoto, ramani imekwisha kuwa mali yake.

Kisha Mwadui. Mwamba wenye almasi aliougundua John Williamson mwaka 1940 una eneo la hekta 146 hivi, na shimo lake huonekana kama bakuli kubwa jeupe. Hapa mwalimu afungue picha za miaka iliyopita zilizomo katika programu na kuzilinganisha zilizo kabla na baada ya Novemba 2022, wakati bwawa la mabaki ya mgodi lilipopasuka na tope likafunika mashamba na makazi. Picha moja inaonyesha mashamba, nyingine tope. Zote mbili ni za kweli, kila moja kwa siku yake. Katika shule za jirani huenda wamo watoto walioliona tope lile kwa macho yao. Waachwe waseme kwanza, na kompyuta ingoje.

Walimu wa Geita watumie mfano wao. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000. Picha za zamani, ingawa ni hafifu, zinaonyesha vilima mahali ambapo sasa pana mashimo. Watoto wa wachimbaji wadogo watatafuta maduara na mialo wanayoijua, na wengi hawataiona, kwa kuwa ni midogo mno au ilichimbwa baada ya picha kupigwa. Wakisema "kompyuta imekosea", usiwakatize. Waandike ni nini kilichokosekana na kwa nini.

Siku ya pili: kimo

Kabla ya kuruka, waonyeshwe dakika chache za sinema ambamo Ngorongoro inaonekana kutoka angani. Halafu waulizwe: rubani alikuwa juu kiasi gani?

Uwanja wa Shinyanga uko karibu meta 1,150 kutoka usawa wa bahari. Ndege ikiwa kwenye kimo cha meta 2,000, ardhi ya Shinyanga iko meta 850 chini yake. Rubani asipogusa kitu, akafika Seronera ambako nchi iko karibu meta 1,550, amebakiwa na meta 450 tu, ingawa kipimo cha ndege bado kinasoma 2,000. Akielekea kusini-mashariki kilometa 115 nyingine hivi hadi Ngorongoro, ukingo wa kreta uko kwenye meta 2,300 hivi. Waachie watoto watoe hesabu hiyo wenyewe. Darasa litapiga kelele rubani apandishe ndege, na kelele hizo ni uthibitisho kwamba somo limeingia. Vipimo vya ndege husomwa kwa futi, hivyo hesabu ya kugeuza futi kuwa meta nayo inapata sababu ya kufanywa.

Siku ya tatu: mstari

Baada ya Mwadui, ndege ikiendelea kaskazini-mashariki, mji wa Maswa hubaki kushoto, kisha Bariadi. Chini ni mashamba na nyumba, kilometa baada ya kilometa. Halafu ghafula mashamba yanakoma, kana kwamba yamekatwa kwa kisu. Ng'ambo ya pili ni nyika tupu. Rubani asimamishe safari hapo, na mwalimu aandike ubaoni swali moja tu: Kwa nini mashamba yamekoma hapa?

Mvua haikukoma pale, wala udongo haukubadilika kwa hatua moja. Mstari ule ni mpaka wa hifadhi, na mipaka huwekwa na watu. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka yake ilibadilishwa, Ngorongoro ikatengwa iwe na utaratibu wake, na Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamishwa. Grzimek alikuwa na msimamo kwamba hifadhi ya taifa isiwe na makazi ya watu, na sinema yake iliwasadikisha wengi huko Ulaya. Ndipo watoto waitazame tena sehemu ile ile waliyoiona, safari hii wakiulizwa ni nani hayumo kwenye picha, na ng'ombe wa nani.

Mwalimu asigeuze somo hili kuwa kesi ya kumhukumu marehemu. Kazi ya akina Grzimek ilikuwa kubwa. Walihesabu nyumbu karibu 99,000 mwaka 1958, na leo wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Lakini sababu kuu ya ongezeko hilo ni jambo ambalo kamera haikuliona: ng'ombe wa wafugaji wa maeneo ya jirani walichanjwa dhidi ya sotoka, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 ugonjwa huo ukatoweka miongoni mwa nyumbu. Nyumbu wa ndani ya mstari waliongezeka kwa chanjo ya ng'ombe wa nje ya mstari. Mtoto wa mfugaji akilisikia hilo atakaa wima kwenye dawati.

Katika madarasa ya Meatu, Itilima au Bariadi huenda wamo watoto ambao mifugo ya kwao imewahi kukamatwa ndani ya mpaka huo. Huenda pia wamo watoto wa askari wa hifadhi. Wote wana haki ya kujibu swali la ubaoni, na mwalimu asiwe na jibu mfukoni. Ayaandike majibu yote kama yalivyotolewa, hata yanayopingana.

Zoezi la kumalizia ni kuhesabu kama walivyohesabu wao. Mwagia choroko kwenye mraba wa uwanja, pitisha kikundi kwa mistari sambamba, kila mtoto akihesabu upana wa hatua moja tu, kisha jumlisheni. Rudieni kwa kuzihesabu zote moja moja, mlinganishe. Tofauti itakuwapo, waieleze. Kazi ya nyumbani iwe kumwuliza mzee mmoja ni lini alisikia mara ya kwanza habari za mpaka wa hifadhi, au wa mgodi kwa shule za Geita na Mwadui, na upande wa pili palikuwa na nini kabla yake. Majibu yaandikwe pamoja na mwaka na jina la mahali, yaletwe darasani, na kila jibu litiwe kwenye ramani ya majivu kwa jiwe dogo mahali panapohusika.