Siku moja Goma: wageni niwapeleke wapi?

Swali: Mwalimu, mashemeji zangu wanakuja kwa boti kutoka Bukavu. Nimekodi gari ya siku nzima. Niwaonyeshe wapi historia ya Goma na pembeni yake?

Jibu: Ndugu yangu, anzia katikati ya mji, na usiharakishe. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka. Lava ikapita mitaani, ikaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia Ziwa Kivu. Waonyeshe kuta za nyua: nyingi ni za mawe ya lava. Mtafute mzee wa mtaa awasimulie, na mumpe chochote. Hakuna mwongozaji atakayemshinda.

Kisha nendeni kaskazini hadi Buhene, ambako lava ya Mei 2021 ilisimama mlangoni mwa mji. Mchana shikeni njia ya Sake mpaka Mugunga, penye Ziwa la Kijani. Mwaka 1994 walijazana huko wakimbizi wa Rwanda, na baadaye ndugu zetu waliokimbia vita. Msipige watu picha bila ruhusa.

Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iacheni. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma Januari 2025, kwa hiyo hata kwa safari hizi fupi waulize madereva hali ya barabara asubuhi hiyohiyo, na mrudi kabla ya jua kuzama.